Debe la Februari: mwongozo wa kushukuru na kutoa kwa Mkristo wa Dodoma

Kila Jumapili baada ya ibada, watu wanne tunajifungia katika chumba kidogo cha nyuma na kumwaga vikapu vya sadaka mezani. Noti nyingi huja zimekunjwa mara nne, nyingine zimeviringishwa mpaka zinafanana na karanga, na kazi ya kwanza ni kuzinyoosha kwa kiganja. Mimi ni mtunza hazina wa kanisa moja pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Kama kuna jambo ambalo meza ile imenifundisha, ni kwamba kikapu cha Julai na kikapu cha Februari utadhani si vya kanisa moja.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakata Aprili, mavuno yanaingia kati ya Mei na Julai. Julai basi kila mtu ni mkarimu: alizeti imeuzwa, mtama upo ndani, kuku wanapelekwa madhabahuni wakiwa wamefungwa miguu. Februari vihenge vimefagiliwa. Shamba ni la kijani, mlenda umeota hadi kwenye njia, ila unga hakuna. Na mlango wa mchungaji unabishwa hodi Februari, si Julai.

Tunatoa kwa kalenda ya furaha yetu, wakati mwenye njaa ana kalenda yake. Mwongozo huu ni wa kuzikutanisha hizo kalenda mbili. Nimeupanga kwa hatua, ingawa hatua nyingine ni za dakika tano na nyingine ni za mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: hesabu ulichopokea

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika kitu kimoja ulichopewa siku hiyo, pamoja na jina la aliyekupa. Kama kina thamani ya fedha, andika na kiasi.

Usiandike "namshukuru Mungu kwa uzima na afya." Ni kweli, lakini ukiiandika siku thelathini mfululizo umekariri tu, hujahesabu. Andika hivi: "Mvua imenyesha usiku, udongo umelowa kina cha kiganja." "Fundi amekaza koki, amekataa hela." "Dada wa dukani amenivumilia deni la sukari mpaka mwisho wa mwezi, 6,000." "Kijana wa bodaboda amemrudisha mtoto kutoka shule, hakudai."

Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inaeleza jinsi Mwisraeli alivyopeleka malimbuko. Hakuweka kikapu chini akaondoka. Alitakiwa kusimulia mbele ya kuhani: baba yake alikuwa Mwarami wa kutangatanga, akashuka Misri, wakateswa, wakalia, wakatolewa, wakaletwa kwenye nchi hii, na tazama, haya ndiyo mazao ya udongo wake. Kikapu kilikuja na habari yake. Huo ndio mfano ninaoufuata: shukrani iwe na tarehe, mahali na watu.

Mwezi ukiisha, pitia kurasa na uhesabu majina. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta jina lililojirudia kuliko yote ni la jirani ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nikijiona ninamsaidia mimi.

Hatua ya pili: rudi ukamwambie

Katika Luka 17 wakoma kumi walitakasika, akarudi mmoja, naye Msamaria. Watu husoma habari hiyo kama somo la kumshukuru Mungu, na ndivyo ilivyo, lakini mimi huona pia miguu. Yule mtu aligeuza njia.

Basi kabla ya kuandaa bahasha ya shukrani, chagua majina mawili au matatu kutoka kwenye daftari uende kwao kwa miguu. Usitume ujumbe wa simu. Sema jambo lenyewe kwa jina lake: "Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya ile siku ya Desemba uliponipa mbegu ya karanga bakuli mbili. Zimetoa gunia moja na debe. Asante." Ukipenda beba nusu kilo ya sukari, si lazima. Utaona mwenyeji wako anasubiri shida uliyokuja nayo, kwa sababu watu wamezoea kwamba salamu ndefu huishia kwenye mkopo. Akigundua hakuna shida, kimya chake kina thamani kuliko sukari.

Hatua ya tatu: tenga kabla hujala

Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba kila siku ya kwanza ya juma mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya alivyofanikiwa, ili michango isije ikaanza kukusanywa atakapofika yeye. Ni agizo la mtu aliyewahi kuona harambee za ghafla! Fedha ya kutoa inatengwa nyumbani, mapema, kidogo kidogo. Ukisubiri kuona kitakachobaki, hakibaki kitu.

Jinsi ya kuhesabu inategemea riziki yako.

Mwenye mshahara ana kazi nyepesi: siku mshahara unapoingia, hamisha fungu lako kwenda mahali pengine siku hiyo hiyo, kabla hujapita dukani. Wengine huhesabu kwenye mshahara wote, wengine kwenye kinachobaki baada ya makato. Sijaona sababu ya kugombana juu ya hilo. Chagua moja uishike.

Mama ntilie na mwenye genge wahesabu faida, si mauzo. Tuseme umeuza chakula cha 60,000 pale Sabasaba, na mchele, mkaa, mafuta, nyama na msaidizi vimekula 45,000. Kilicho chako ni 15,000. Ukitoa kumi kwa mia, ni 1,500, na iingie kwenye kopo siku hiyo hiyo. Nimewaona akina mama wakitoa kumi ya mauzo kwa moyo mweupe, na baada ya miezi mitatu mtaji umekwisha. Hakuna aliyewafundisha tofauti.

Mkulima aondoe kwanza gharama ya trekta au plau, mbegu na vibarua. Kama una deni la pembejeo, deni ni la mwenyewe. Kulipeleka madhabahuni ni kutoa mali ya mtu mwingine.

Sasa kuhusu hiyo kumi. Nitasema ninavyoona, na najua wapo watakaokunja uso. Malaki 3:10, ile inayosomwa sana, inazungumza na taifa juu ya ghala, na maneno yake yenyewe yanataja chakula. Kumbukumbu 14:28-29 inasema kwamba kila mwaka wa tatu zaka ilibaki malangoni mwa mji, wakala Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wakashiba. Yesu katika Mathayo 23:23 hakuwakataza Mafarisayo kutoa zaka ya mnanaa na bizari, ila aliwaambia wameacha mambo makuu: adili, rehema na imani. Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya kutoa, 2 Wakorintho sura ya 8 na 9, hataji asilimia hata mara moja. Anasema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Kwangu mimi kumi ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mwenye kipato cha kueleweka. Kwa bibi mwenye mbuzi watatu inaweza kuwa nzito, na kwa mwenye nyumba nne za kupangisha kule Iyumbu ni nyepesi mno.

Lakini sadaka si bahati nasibu. Ukiambiwa panda 10,000 uvune 100,000 wiki ijayo, funga pochi yako kwa utaratibu na usikilize wimbo.

Hatua ya nne: debe la Februari

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Siku ya kuingiza mavuno ndani, kabla ya kupiga hesabu ya kuuza, pima debe moja la mtama, uwele au mahindi kwa kila magunia kumi uliyopata. Gunia ni kama debe sita, kwa hiyo ninakuomba debe moja kati ya sitini. Kama ulipata magunia mawili tu, tenga bakuli. Kama hulimi, nunua debe lako Julai wakati bei iko chini. Walio karibu na barabara ya Morogoro hufuata mahindi Kibaigwa kwenyewe, wengine tunanunua kwa anayepita na baiskeli. Ukisubiri Februari, fedha ile ile haitakupa debe zima.

Nafaka iwe kavu kweli. Ng'ata punje: ikikatika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, irudishe juani siku mbili zaidi. Pepeta, ondoa vipande vilivyovunjika, maana huvutia wadudu. Kama ni mahindi, tumia ile mifuko ya tabaka mbili tatu inayoitwa kinga njaa. Inafanya kazi bila dawa: ukibana hewa yote na kuifunga kila tabaka kivyake, wadudu waliomo humaliza hewa iliyobaki wakafa. Sharti lake ni usiitoboe wala usiifungue kila wiki kuchungulia. Mtama na uwele huvumilia zaidi, lakini nao wanataka sehemu kavu, juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta.

Kisha andika juu ya mfuko, kwa wino usiofutika: FEBRUARI. Waambie wote wa nyumbani. Hili neno limeokoa debe letu zaidi ya mara moja, kwa sababu Oktoba kuna wageni, Desemba kuna Krismasi, na mfuko usio na jina ni wa kila mtu.

Wazee wa Ugogo wana njaa walizozipa majina, na inayotajwa kwa sauti ya chini kuliko zote ni Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati nafaka na ng'ombe vilipochukuliwa kwa ajili ya majeshi na mvua nazo zikakataa. Sisemi tuko huko. Nasema tu kwamba nchi hii inajua maana ya kihenge kitupu, na mtu aliyetunza debe alikumbukwa na wajukuu wa watu wengine.

Hatua ya tano: acha masazo

Hii ni ya wenye mizabibu, na Dodoma tunao wengi, kuanzia Hombolo na Makutupora mpaka Mpunguzi na Mvumi. Walawi 19:9-10 inaamuru usivune pembe za shamba lako mpaka mwisho, na usirudi kwenye shamba la mizabibu kuokota zilizopukutika: hizo ni za maskini na mgeni. Nchi nyingine husoma mstari huo kama hadithi. Sisi tuna mizabibu kabisa, tena inazaa mara mbili kwa mwaka.

Namna ya kuifanya: kabla vibarua hawajaingia, chagua mistari miwili ya pembeni, upande wa njia. Waambie wavunaji wasiiguse. Siku inayofuata mwambie mjumbe wa mtaa, au wale unaowajua, kwamba upande ule uko wazi mpaka Jumamosi. Waonyeshe jinsi ya kukata kikonyo kwa mkasi, maana wakivuta kwa mikono watavunja tawi la msimu ujao. Kijiji kizima kitajua na hutakuwa umeita mkutano.

Faida ya masazo ni kwamba mtu anakuja na ndoo yake, anafanya kazi, anaondoka na alichovuna. Hajapiga magoti mbele yako. Ruthu alikula hivyo.

Hatua ya sita: siku ya mavuno na ule mnada

Mnada baada ya ibada ya mavuno ni furaha, nami naupenda. Yai moja linaweza kuuzwa 5,000, aliyelinunua akalirudisha, likauzwa tena 7,000, watu wakacheka, paa la kanisa likapata bati.

Machache ya kuzingatia. Leta kitu kizuri. Kuku mgonjwa anajulikana hata akiwa ndani ya kikapu. Leta mapema ili kiandikwe. Mfunge kuku kwa kitambaa laini, si kwa waya, na muweke kivulini, kwa maana mahubiri ya siku hiyo huwa marefu. Weka kiwango chako akilini kabla hujaingia na usikivuke hata mshereheshaji akikuita "mheshimiwa" mara tatu. Na tafadhali, waachie watoto muwa na mabungo. Nimemwona mtoto ameshika sarafu yake ya 200 jasho limemtoka, akisubiri ndizi moja, halafu mkubwa mmoja akaunyanyua mkungu wote kwa 40,000 ili apigiwe makofi. Mtoto alirudi na sarafu yake. Kitabuni kwangu mkungu ule uliandikwa 40,000, ni sahihi, lakini bado naukumbuka vibaya.

Hatua ya saba: ahadi

Usiahidi siku hiyo hiyo. Mwaka mmoja, kwenye harambee ya vyombo vya muziki, watu wa meza yangu walisimama mmoja mmoja, nami nikasimama nikataja 300,000. Sikuwa nazo wala sikujua zitatoka wapi. Kwa miezi minne nilikuwa nikipitia mlango wa pembeni, mimi mtunza hazina, kumkwepa katibu aliyeshika orodha niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwishoni nilienda kwa mchungaji nikasema ukweli: naweza 80,000 kwa awamu mbili. Alifuta, akaandika 80,000, tukanywa chai.

Tangu hapo kanuni yangu ni hii: nikiombwa ahadi hadharani, nasema "nitaleta nilichonacho Jumapili ijayo" na kuketi. Hakuna aliyewahi kunifukuza. 2 Wakorintho 8:12 inasema mtu anakubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si asivyo navyo.

Hatua ya nane: simu

Fupi. Tumia lipa namba ya kanisa badala ya namba ya mtu. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea, na kama si la kanisa lako, acha. Hifadhi ujumbe wa muamala, na ukitaka kujulikana ni sadaka ya nini, mwambie mhasibu siku hiyo hiyo. Ukipokea ujumbe usiku unaosema mchungaji yuko hospitali, tuma haraka kwa namba hii mpya, mpigie mchungaji kwa namba yake ya zamani kwanza.

Hatua ya tisa: kulibeba debe

Februari imefika. Usisubiri mtu aombe, ila usikisie pia. Angalia moshi: nyumba isiyotoa moshi jioni mbili mfululizo ina habari. Muulize mwenye duka ni nani amesimamisha daftari la mkopo. Mara nyingine msaada bora ni kulipa nusu ya deni lile pale dukani ili duka lifunguke tena kwa mama yule, na mwenye duka umuombe asitaje jina. Kwa wenye watoto, kumbuka kwamba ada ilifutwa kwenye shule za serikali kuanzia 2016, lakini sare, viatu na madaftari ya Januari vinabaki kwa mzazi, na Februari ndipo wanapovimaliza kuvilipa.

Usichague kwa dini. Jirani zangu wawili ni Waislamu, na njaa haijawahi kuwauliza wanaswali wapi. Vivyo hivyo usimruke mzazi wako ukimbilie kanisani: katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema "Korbani", yaani mali hii ni wakfu kwa Mungu, ili wasiwape baba na mama zao kitu.

Peleka jioni, giza likianza kuingia. Nenda mwenyewe au mtume kijana asiye na maneno. Hakuna picha. Hakuna maombi marefu mlangoni huku mtu amesimama na debe mikononi. Sema: "Mama, shambani kulikuwa na ziada, tumeona tugawane." Kama ni wa rika la mama yako, mwamkie kwanza, kaa kidogo, uliza habari za wajukuu. Debe liko pale pembeni, halihitaji kuzungumzwa zaidi.

Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye kihenge kitupu, pokea. Watu wazima wengi, hasa sisi wanaume, tunajua kutoa na hatujui kupokea. Tunasema "msijali, tupo sawa" huku watoto wanatutazama. Paulo aliwaambia Wafilipi waziwazi kwamba walifanya vema kushiriki naye dhiki yake, akawataja kwa jina la mji wao. Andika kwenye daftari, kwa tarehe: nani, nini, kiasi gani.

Mwaka jana debe letu lilienda kwa bibi mmoja anayeishi nyuma ya kisima. Baada ya siku tatu mjukuu wake alikuja na lile debe kichwani, akapiga hodi, akasema bibi amesema chombo hakirudi kitupu. Ndani kulikuwa na mlenda wa kuchuma asubuhi hiyo, umekandamizwa mpaka juu, bado una umande. Mke wangu aliupika jioni ile ile na karanga, nami nikalisuuza debe nikaliegemeza ukutani, mdomo ukiangalia chini ili likauke.